Ugonjwa wa Boda

Kanisani kwetu Rodi Kopany, mtu akisimama kutoa ushuhuda tunajua mapema utaishia wapi. Alikuwa mgonjwa, akaombewa, sasa ni mzima, makofi. Mimi sijawahi kusimama. Mchungaji aliwahi kuniuliza kwa nini, nikamwambia ushuhuda wangu haujafika kwenye makofi. Akacheka akidhani ni mzaha. Basi nimeona niuandike, kwa sababu najua kuna mtu mahali fulani anaishi na dada, au mume, au mtoto kama Lavenda wangu, na kila ushuhuda anaousikia unamfanya aone ni yeye peke yake aliyeshindwa.

Naitwa Consolata. Mimi ni fundi wa cherehani, kibanda changu kiko sokoni, karibu na barabara ya kwenda Rongo. Lavenda ni mdogo wangu, kitinda mimba wa Mama. Baba alikufa Lavenda akiwa bado ananyonya. Mama akawa anauza omena, wale dagaa wa ziwani, na omena yenyewe aliifuata Muhuru Bay, kwa hiyo mtoto nilimbeba mimi. Mama akichukua tu kikapu mlangoni, Lavenda alikuwa analia mpaka anatapika. Majirani walisema ni mtoto wa kudeka. Sisi pia tulisema hivyo.

Ningependa kuwaambia kwamba kulikuwa na maisha mazuri kabla ya ugonjwa, kama shuhuda zinavyoanza. Kwa Lavenda sijui ugonjwa ulianza lini. Najua tu kwamba alikuwa mtoto wa kuchekesha kuliko wote. Aliweza kuiga mwendo wa kila mtu sokoni, pamoja na kuku wa mtu huyo. Na akikupenda, alikupenda mpaka unaona aibu.

Shida ilionekana wazi alipokuwa kidato cha pili, shule ya bweni upande wa Oyugis. Alikuwa na rafiki mmoja ambaye alimwita malaika. Siku moja yule rafiki akaketi na msichana mwingine wakati wa chakula. Ni hilo tu. Kufikia jioni malaika amekuwa shetani, na Lavenda amejiumiza mkono, damu imelowesha sweta. Shule ikatuita tuje tumchukue. Mwalimu alisema, "Huyu anataka kuangaliwa tu." Shangazi zangu wakasema ni chira, ile laana ya kuvunja mwiko, wakaanza kuulizana ni nani kati yetu aliyevunja mwiko na upi. Mama akampeleka kwa watu wa maombi. Akalazimishwa kufunga kula, akapakwa mafuta, akarudi amekonda, mashavu yameingia ndani. Aliketi karibu yangu akaniambia, "Nyamera, wamesema pepo ametoka. Sasa huyu amebaki ndani ni nani?"

Nyamera maana yake ni dada yangu, kwa Kijaluo. Aliniita hivyo siku njema. Siku mbaya aliniita nyoka.

Kuishi naye kulikuwa hivi. Asubuhi ananisuka nywele, ananiambia bila mimi angekuwa amekufa zamani. Mchana anapita kibandani, ananikuta nacheka na mteja, anageuka na kuondoka. Jioni nakuta nguo za wateja zimetupwa uani, na yeye amejifungia, anapiga kichwa ukutani. Nikimwuliza kuna nini, ananiambia nimemchoka, nimepata watu wengine, niseme tu. Nikimwambia sijamchoka, mimi ni mwongo. Nikinyamaza, basi ni kweli nimemchoka.  Nilikuwa nanyata ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Simu nayo niliiogopa. Nikikosa kuipokea kwa sababu niko kwenye cherehani, nakuta ameipiga mpaka betri imekwisha, na katikati kuna ujumbe wa matusi, wa kuomba msamaha, na wa kuniaga. Huo wa kuniaga ndio ulionitoa mbio barabarani bila viatu.

Mwili wangu ukaanza kulipa. Tumbo likaniuma kwa vidonda, pressure ikapanda. Nilikonda hadi sketi zangu nikawa nazibana mwenyewe kila mwezi. Mume wangu akasema, "Huyu dada yako atatumaliza." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anaona.

Halafu kukaja kipindi cha boda. Hiki ndicho naweza kukiita maisha mazuri.

Lavenda alipata kazi Isebania, pale mpakani na Tanzania tunapopaita boda, katika duka la mama mmoja wa Mombasa anayeuza madera na leso. Tunamwita Mama Zuhura. Sijui alikuwa na nini yule mama. Hakuwa mpole sana. Lakini hakubadilika. Lavenda akimwita mama wa pili, anasema, "Haya, ahsante." Lavenda akimtukana mbele ya wateja, anasema, "Haya, nimesikia. Nguo zining'inizwe, kisha urudi unitukane." Na kesho yake duka liko wazi, na nafasi ya Lavenda iko. Alikaa huko kwa muda mrefu kuliko mahali popote. Akanenepa. Akanitumia picha amevaa dera la manjano, anacheka meno yote nje. Mama alikuwa anaionyesha ile picha kwa wanunuzi wa omena hata kama hawakuuliza.

Kisha mama mzazi wa Mama Zuhura akaugua, naye akalazimika kwenda pwani kumwuguza. Alimwachia Lavenda funguo za duka, akamwambia atarudi. Sisi sote tungeona ni heshima kuachiwa funguo. Lavenda aliona ameachwa. Akafunga duka, akarudi nyumbani Rodi bila kumwambia mtu, na tulipojua amefika tayari alikuwa amejidhuru vibaya. Sitasema jinsi. Nitasema tu kwamba kwa muda mrefu nilikuwa nafungua bandeji inayoshikana na nyama, nailowesha kwa maji ya chumvi polepole, yeye ameuma kanga, na harufu ile ilikaa vidoleni mwangu hata nikishona.

Hospitali ya Homa Bay walimshona, wakamlaza, na kwa mara ya kwanza wakamwita daktari wa akili. Alikuwa daktari kijana, mwanamke, mpole. Alizungumza na Lavenda peke yake siku kadhaa, kisha akaomba kuzungumza na familia. Siku hiyo mimi nilikuwa nimepanga foleni dirisha la dawa. Mama akaingia peke yake.

Alipotoka uso wake ulikuwa umetulia, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa miaka.

"Amesema nini?" nikamwuliza.

"Amesema si wazimu na si pepo. Ni ugonjwa wa boda."

"Boda?"

"Boda, nyathina, mwanangu. Amerudia mara mbili kwa mdomo wake. Ni kitu mtoto ameokota huko Isebania."

Nani angebisha? Sote tunajua boda. Malori yanalala pale kutoka kila nchi, na kila mgeni anakuja na lake. Mtoto ametoka boda na amefika akiwa mgonjwa. Daktari amesema boda. Kwa mara ya kwanza tangu Lavenda azaliwe, kulikuwa na jambo la kufanya, na Mama alilifanya vizuri kama anavyofanya kila kitu. Alienda Isebania na binamu yetu, akakusanya nguo za Lavenda, godoro lake, sufuria zake. Mama Zuhura alikuwa amerudi tayari. Mama akamwambia asimpigie mtoto simu tena, kwa sababu daktari amekataza. Laini ya Lavenda ikavunjwa, akanunuliwa nyingine. Na kwa kuwa Mama alijua Lavenda angetoroka kurudi, akamwambia, "Mama Zuhura amesema hataki kukuona."

Alisema ili amlinde. Nataka mliosoma mpaka hapa mlijue hilo, kwa sababu Mama bado yuko hai na mimi nampenda.

Lavenda hakulia. Hapo ndipo ningepaswa kuogopa zaidi, lakini nani anaogopa ukimya baada ya kelele nyingi? Alilala. Aliacha kuoga. Nywele zikashikana nikazikata. Chakula alikigeuza mdomoni, akakitema. Nikimwuliza anahisi nini, ananiambia, "Hakuna mtu hapa, nyamera. Unaongea na nani?" Kisha, mchana mmoja wa jua kali, siku ya soko, jirani alinijia mbio kibandani. Nilifika nikamkuta sakafuni, amejidhuru tena, midomo imebadilika rangi. Tulimfikisha Homa Bay akiwa anapumua kwa kuvuta. Nilikuwa nimemshika mguu, kwa sababu ndio uliokuwa karibu nami, na nilikuwa nasema, "Mungu, kama unamchukua, mchukue. Kama humchukui, mponye. Lakini hii ya katikati, acha."

Hakumchukua. Hakumponya pia. Mimi nimebaki na ile ya katikati.

Yule daktari kijana alitukuta wodini. Alikaa kitandani kwa Lavenda kwanza. Halafu akatuuliza, "Na kazi yake je? Alikuwa amerudi kazini?"

Mama akajibu kwa fahari kidogo, "Hapana, daktari. Tulimtoa boda siku ile ile, kama ulivyosema."

"Boda? Nani alisema boda?"

"Wewe. Ulisema ana ugonjwa wa boda."

Daktari akamtazama Mama, kisha akanitazama mimi. Niliona anaelewa, na niliona hataki kuelewa. Akavuta kiti. "Mama, pole. Nilisema borderline. Ni jina tu la ugonjwa. Wazungu waliupa hilo jina zamani, na si jina zuri. Hauhusiani na Isebania. Ni ugonjwa wa hisia. Wewe na mimi tukikasirika, moto unapanda halafu unashuka. Wake unapanda mara moja, na kushuka unachelewa sana. Na kitu kinachouwasha haraka kuliko vyote ni kuachwa. Au kufikiria ameachwa."

"Hiyo kazi," nikamwuliza, "ilikuwa mbaya kwake?"

Daktari akasema, "Hiyo kazi ndiyo ilikuwa inamshikilia asianguke."

 Mama alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga, akakifungua tena. Halafu akasema, "Yawa," kama mtu anayesema jamani, kwa sauti ndogo sana.

Mama ndiye aliyemwambia Lavenda ukweli, baada ya daktari kusema ameshapata nguvu ya kuusikia. Mimi nilikuwepo. Alimwambia kwamba Mama Zuhura hakuwahi kumkataa, ni yeye Mama aliyesema uongo. Lavenda alisikiliza mpaka mwisho. Akageukia ukuta. Tangu siku hiyo hajala chakula kutoka mkono wa Mama. Mama alikuwa anapika samaki ambao Lavenda anawapenda, anampa jirani alete kana kwamba ni wake. Lavenda anaonja, anajua, anasukuma sahani. Nimewahi kumwomba Mama aache. Aliniambia, "An aol, nyathina. Nimechoka. Lakini nikiacha nitafanya nini na mikono?"

Mimi ni fundi. Nguo ikiharibika naifumua naanza upya. Jambo hili halikufumuka. Nilimpigia Mama Zuhura, nikamweleza yote, nikitegemea kwamba kila kitu kitarudi kilivyokuwa.  "Mie nilidhani yeye ndiye hanitaki," akasema. "Nimeshaajiri msichana mwingine, mwanangu. Siwezi kumfukuza huyu kwa kosa lisilo lake." Halafu akasema, "Lakini kona ya leso ipo. Akitaka aje asubuhi, adhuhuri aende zake. Na mwambie nitamgombeza vilevile."

Lavenda alirudi boda. Mama hakutoka nje kumuaga, kwa sababu alijua hatatazamwa. Kabla Lavenda hajaondoka tulikaa na daktari, tukapatana jambo moja. Daktari aliniambia nisimwahidi makubwa. Nisimwambie nitakuwa naye daima, kwa sababu hakuna mtu anayeweza hilo, na yeye atalipima kila siku. Nimwahidi kitu kidogo, nikitimize. Basi nikamwahidi kumpigia simu kila jioni, cherehani ikishafunikwa. Si mchana, si akiniita. Jioni. Akipiga mchana sipokei, isipokuwa ameandika neno tulilokubaliana, la hatari ya kweli. Mara ya kwanza kutopokea, sindano ilinichoma kidole.

Sasa niwaambie hali ilivyo, bila mafuta. Lavenda amelazwa tena tangu arudi boda, si mara moja. Dawa anazotumia zinamsaidia kulala, lakini daktari mwenyewe alituambia hakuna kidonge cha ugonjwa huu; kinachosaidia ni mazungumzo ya muda mrefu na mtu aliyefunzwa. Yule daktari kijana amehamishwa. Aliyemfuata ana wagonjwa wengi, na kliniki iko mbali na Isebania. Wiki nyingine Lavenda anaenda, wiki nyingine hana nguvu ya kuamka. Ana makovu ambayo huvaa mikono mirefu kuyaficha, hata jua likiwa la kupasua kichwa. Kona ya leso ameiacha mara nyingi akaapa harudi. Mimi tumbo langu halijapona. Wanaoniambia itakuwa sawa nimeacha kuwajibu. Nimezoea kulala nikijua kwamba naweza kuamshwa kuambiwa, na kuamka nikiwa sijaambiwa. Sitarajii zaidi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mdogo. Daktari akikutajia ugonjwa, usitoke chumbani kabla hajaueleza kwa lugha ya nyumbani kwenu, na usiingie peke yako. Mgonjwa akisema anataka kufa, usimwambie anatishia watu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na vitu vya hatari viondolewe ndani ya nyumba. Moto ukiwa umepanda, usibishane naye, subiri ushuke. Na wewe unayemtunza, nenda upimwe pressure. Ule. Uwe na mtu wa kumlilia ambaye si mgonjwa wako. Mimi namlilia jirani yangu wa kibanda, anauza vitunguu, kwa hiyo hakuna anayejua.

Na shukrani ninazo, msidhani sina. Namshukuru yule daktari kwa kuvuta kile kiti. Namshukuru Mama Zuhura kwa kona. Mama namshukuru kwa samaki wote waliorudishwa.

Kuna jambo moja tu limebaki, na ndilo lililonifanya niandike.

Juzi mvua kubwa ilinyesha Rodi, stima ikapotea kabla sijafunika cherehani. Simu yangu ilikuwa imezima. Nilizunguka kwa majirani kutafuta ya kuazima, lakini namba yake sikuikumbuka, maana simu ndiyo hunikumbushia. Jioni ikapita. Nilijua maana yake. Nilikuwa nimeona mara nyingi mno jioni moja ya kimya inavyoishia. Nilikaa kitandani nimevaa nguo za kutoka nje, viatu miguuni, nikisubiri mtu aje kubisha.

Asubuhi nilikwenda kwa kijana mwenye jenereta anayechaji simu. Nilisimama pale mkono umeshika ukuta. Simu ikawaka. Nikangoja ile mvua nyingine, ya jumbe: matusi, msamaha, kwaheri.

Kulikuwa na simu moja tu niliyoikosa. Ujumbe hakuna.

Nikapiga. Iliita kwa muda mrefu. Nikaanza kuhesabu ni nani wa kumwambia kwanza, Mama au mchungaji.

"Nyamera." Sauti nzito ya usingizi. "Mbona asubuhi hivi?"

"Lavenda, sikupiga jana. Simu..."

"Najua. Stima ilipotea huko, si ndiyo? Hata huku ilinyesha." Akapiga mwayo. "Nilipiga mara moja nikaona iko off. Nikajiambia, pengine ni chaji. Nikalala."

Pengine ni chaji. Katika maisha yake yote, dada yangu hajawahi kuwa na pengine. Mtu asipokuja, amemwacha. Simu isipoita, hapendwi. Na jioni ile, peke yake chumbani Isebania, bila mimi, bila Mama Zuhura, bila daktari, aliitafuta pengine akaipata, akalala. Sijui kama ataipata tena kesho. Sina ahadi hiyo. Lakini nilikuwa nimeshaanza kulia, pale mbele ya kijana wa jenereta na watu waliokuja kuchaji simu zao.

"Nyamera? Unalia?" Usingizi ukamtoka. "Nani amekufa?"

"Hakuna," nikamwambia. "Hakuna aliyekufa."